Kufungua, kuzima na kuchomoa: msamiati wa kutengeneza mashine kuukuu ya kufulia nguo

Sentensi «Fungua mashine» ina maneno mawili tu, lakini msomaji aweza kuielewa kwa njia tatu. Wa kwanza atainua kifuniko, wa pili atachukua bisibisi na kutoa parafujo za nyuma, na wa tatu, aliyezoea kusema «fungua redio», ataiwasha. Iwapo sentensi hiyo imeandikwa katika mwongozo wa kutengeneza mashine ya umeme, tofauti kati ya wasomaji hao si ya mtindo wa lugha peke yake. Makala haya yanapitia maneno ambayo mfasiri, mwalimu na mwanafunzi huyahitaji anapoandika juu ya matengenezo ya mashine ya kufulia nguo nyumbani, hasa ile iliyotumika kwa miaka mingi.

Jina la mashine na kazi zake

Nguo hufuliwa, vyombo, mikono na gari huoshwa. Kwa hiyo jina sanifu ni *mashine ya kufulia nguo*, au kwa ufupi *mashine ya kufulia*. Kauli ya kutendea katika *kufulia* inaonyesha chombo kinachotumika, kama ilivyo katika *kisu cha kukatia* na *kalamu ya kuandikia*. Neno *nguo* lina kazi yake pia, kwa kuwa *kufua* hutumika vilevile kwa nazi inayoondolewa makumbi na kwa chuma kinachopigwa na mhunzi.

Kazi za mashine zina vitenzi vyake vya asili, navyo vilikuwapo kabla ya mashine kufika: *kuloweka, kufua, kusuuza* na *kukamua*. Baadhi ya tafsiri huita hatua ya mwisho «kuzungusha». Ni kweli pipa huzunguka, lakini huzunguka pia wakati wa kufua. Lengo la hatua ya mwisho ni kutoa maji katika nguo, na kitenzi cha jambo hilo ni *kukamua*. Ukiandika «mashine haizungushi», fundi hatajua kama pipa limekwama kabisa au kama nguo zinatoka zikitiririka maji. Hizo ni hitilafu mbili tofauti.

Kuukuu, chakavu, bovu

*-kuukuu* (pia *-kukuu*) husema kwamba kitu kimekaa muda mrefu, bila kudai kwamba hakifai. *-chakavu* husema kwamba matumizi yamekipunguzia nguvu au sura. *-bovu* husema kwamba hakifanyi kazi yake. Mashine kuukuu yaweza kuwa nzima, na mashine mpya yaweza kuwa mbovu. Wahenga walilijua hilo waliposema: *Ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa.* Kamba iliyotumika bado hushinda ukambaa mpya, ambao ni mwembamba na hukatika upesi.

Neno *-zee* huwafaa zaidi watu, wanyama na miti. «Mashine mzee» husikika katika mazungumzo kwa utani, lakini katika maandishi rasmi *mashine kuukuu* ndiyo sahihi.

Kutengeneza, kurekebisha, kukarabati

*Kutengeneza* ni kauli ya kusababisha ya *kutengenea*, yaani kuwa katika hali nzuri. Lina maana mbili: kuunda kitu kipya, na kukirudisha kilichoharibika katika hali yake. «Ametengeneza mashine» haituambii ni lipi kati ya hayo lililofanyika. Muktadha usipotosha, mwandishi aongeze maneno: *ameitengeneza mashine iliyoharibika*, au *ameunda mashine*.

Jina *mtengenezaji*, kwa upande wake, limeelemea kwenye kiwanda au kampuni iliyounda bidhaa. Anayetengeneza kilichoharibika ni *fundi*. Mwongozo ukisema «wasiliana na mtengenezaji», unampeleka msomaji kwenye kampuni, si kwa fundi wa mtaani.

*Kurekebisha* ni kusahihisha kilichopotoka kidogo bila kubadilisha kifaa: kusawazisha miguu ya mashine, au kunyoosha mpira uliopinda. *Kukarabati* hutumika zaidi kwa majengo, barabara na meli. Si kosa kulitumia kwa mashine, ila hudokeza kazi kubwa, kama kubadilisha beringi, kazi inayodai kutolewa kwa pipa zima.

Zima, chomoa, fungua, funga

Hapa ndipo uangalifu unapohitajika zaidi.

*Kuzima* ni kusimamisha mashine kwa swichi yake. Mashine iliyozimwa kwa namna hiyo bado imeunganishwa na umeme wa nyumba, ambao Kenya ni wa volti 240 na Tanzania ni wa volti 230, na baadhi ya nyaya zake za ndani zaweza kuwa na umeme huo. *Kuchomoa* ni kutoa plagi katika soketi. Kabla ya mkono kuingia ndani ya mashine, agizo sahihi ni *chomoa plagi*. *Zima mashine* peke yake halitoshi. Mfasiri anayeyachukulia maneno hayo kuwa visawe anaweza kumponza msomaji wake.

Hata kuchomoa hakumalizi hatari yote. Mashine nyingi zenye kifuniko cha juu, na zile za mapipa mawili, zina kapasita inayoisaidia mota kuanza kuzunguka. Kapasita yaweza kuhifadhi umeme hata baada ya plagi kutolewa. Kiswahili husema vizuri kwamba kapasita *ina chaji* au *imehifadhi umeme*. Asiyejua namna ya kuitoa chaji hiyo kwa usalama asiiguse.

*Kufungua* na *kufunga* ni vitenzi vyenye kazi nyingi kupita kiasi. Kufungua ni kuachanisha mlango, kulegeza nati, kuruhusu maji, na pia kuvunja kifaa vipandevipande, kama katika «fundi amefungua mota». Kufunga nako ni kubana, kuzuia, na vilevile kuweka kifaa mahali pake, kama katika «amefunga pampu mpya». Mwandishi wa maelekezo na achague kitenzi chembamba zaidi: *inua kifuniko, toa parafujo, legeza nati, washa mashine, pachika pampu mpya.*

Vinyume vya matendo

Kiswahili kina utajiri wa vitenzi vya kutendua, na kazi ya fundi ni uwanja wake halisi: *chomeka–chomoa, pachika–pachua, ziba–zibua, kunja–kunjua, funga–fungua*. Anayefuata mpangilio wa kuvunja mashine anaweza kuurudi kinyumenyume kwa vitenzi hivyohivyo. Lakini si kila tendo lina kinyume cha namna hiyo. Kinyume cha *kaza* ni *legeza*, neno lenye mzizi mwingine.

Kuieleza hitilafu

Maelezo mema ya hitilafu hutofautisha kauli ya kutendeka na kauli ya kutendwa. «Mkanda umekatika» hueleza hali tu. «Mkanda umekatwa» hudokeza kwamba yupo aliyeukata. Bomba nalo *limeziba* linapojaa uchafu, na *limezibwa* mtu anapolitia kizibo. Fundi akisikia kauli ya kutendwa, huanza kutafuta mkono wa mtu. Akisikia ya kutendeka, hutafuta uchakavu.

Kwa uchakavu wenyewe yapo maneno mahususi. Brashi za mota na beringi *zimekwisha*. Meno ya parafujo *yamelika*. Mpira wa mlango *umepasuka* au *umekakamaa*. Bamba la chini *limeliwa na kutu*.

Sauti pia ni ushahidi, na lugha inazitenganisha vizuri:

- *Inavuma* bila kuzunguka: umeme unafika kwenye mota, lakini mota haianzi. Huenda kapasita imekufa, au kuna kitu kimekwama.
- *Inapiga mluzi*: mara nyingi mkanda umelegea na unateleza.
- *Inanguruma* kama jiwe la kusagia wakati wa kukamua: beringi zimekwisha.
- *Inagonga* na kutikisika: nguo zimelundikana upande mmoja, miguu haiko sawa, au springi zimelegea.
- *Inakwaruza* wakati wa kutoa maji: sarafu, kifungo au pini imeingia kwenye pampu.

Mwalimu aweza kulitumia orodha hili darasani kama zoezi: mwanafunzi mmoja aeleze sauti kwa kitenzi kimoja tu, mwenzake ataje hitilafu.

Majina ya sehemu

*Mpira* ni neno linalobeba mzigo mkubwa. Katika mashine moja kuna mpira wa kuingizia maji, mpira wa kutolea maji na mpira wa mlango. Usiandike «badilisha mpira» bila kutaja kazi yake.

*Bomba* kwa Watanzania wengi ni mahali pa kufungulia maji na pia mrija wenyewe. Kwa Wakenya wengi, mahali pa kufungulia maji huitwa *mfereji*, neno ambalo kwa Mtanzania ni mtaro wa kupitishia maji. Andiko linalokusudiwa kusomwa pande zote mbili liseme *koki ya maji*, au liongeze maelezo mafupi. Vivyo hivyo *stima* kwa maana ya umeme inaeleweka Kenya. *Umeme* unaeleweka kote.

*Fyuzi* si waya wa kawaida. Plagi ya miguu mitatu ya umbo la Kiingereza, inayotumika sana Kenya na Tanzania, ina fyuzi ndani yake, na kwa vifaa vinavyotumia umeme mwingi huwa ya ampea 13. Fyuzi *imeungua* kwa sababu. Kuweka kipande cha waya mahali pake ni kuondoa ulinzi na kuiacha sababu palepale.

Mfano wa maelekezo

Hitilafu ambayo mtu asiye fundi anaweza kuitengeneza mwenyewe ni mashine yenye mlango wa mbele kushindwa kutoa maji. Yafuatayo ni maelekezo yaliyotumia kanuni tulizozieleza. Kila hatua ina tendo linaloeleweka kwa njia moja tu.

1. Zima mashine, kisha chomoa plagi. Ikiwa maji ni ya moto, subiri yapoe.
2. Angalia mpira wa kutolea maji nyuma ya mashine. Ukiwa umepinda, unyooshe.
3. Tandaza kitambaa chini ya mashine na uweke sinia la kina kifupi mbele ya kichujio, ambacho kwa kawaida kipo chini, nyuma ya kifuniko kidogo.
4. Zungusha kichujio polepole kuelekea kushoto. Maji yakianza kutoka, yaache yatoke. Sinia likijaa, kaza kichujio, mwaga maji, kisha endelea.
5. Toa kichujio. Ondoa nyuzi, sarafu na vifungo. Angalia ndani ya tundu kama kuna kitu kilichobaki.
6. Suuza kichujio, kirudishe, ukikaze kwa mkono. Usitumie koleo, kwa maana meno ya plastiki hulika upesi.
7. Chomeka plagi, washa mashine katika hatua ya kusuuza bila nguo, na uangalie kama kichujio kinavuja.

Katika hatua ya nne, «fungua kichujio» lingekuwa fupi zaidi, lakini lisingemwambia msomaji kwamba afanye polepole wala kwamba maji yatatoka. Katika hatua ya kwanza, vitenzi viwili vimewekwa kwa makusudi na kwa mpangilio huo. Mhariri anayetaka kupunguza maneno asikifute cha pili.