Mvua Iliyomnyeshea Philip Boit

Tarehe 12 Februari 1998 mvua ilinyesha Hakuba, karibu na Nagano huko Japani, ikailowesha theluji ya mbio za skii za kilomita 10. Miongoni mwa washindani alikuwamo Philip Boit, mkimbiaji wa mita 800 kutoka Eldoret, ambaye theluji aliiona kwa mara ya kwanza mwaka 1996 huko Finland. Ndiye Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki ya Majira ya Baridi. Alimaliza wa 92, nafasi ya mwisho, kwa dakika 47 na sekunde 25. Bjørn Dæhlie wa Norway, aliyeshinda kwa dakika 27 na sekunde 24, alimngoja pale mwisho akamkumbatia. Kumbatio hilo limesimuliwa sana. Mvua haitajwi sana, na kwangu mimi mvua ndiyo habari.

Hapa kwetu Mikindani, pwani, theluji hatuna, lakini somo lake linauzwa dukani. Nunua barafu ya ukwaju inayotoka kwenye friza sasa hivi: itakunasa ulimi. Ngoja kidogo ianze kutoa maji, itakuponyoka mkononi. Kilichozidi ni utando mwembamba wa maji, na skii nayo huteleza juu ya utando kama huo, ambao sehemu yake huletwa na joto la msuguano. Kukiwa na baridi kali mno utando haupatikani vizuri, skii inakwaruza. Mvua ikinyesha, maji yanazidi na kuifyonza skii chini.

Tena katika mtindo wa jadi, alioutumia Boit siku ile, kuteleza peke yake hakutoshi. Skii lazima pia ishike. Sehemu yake ya kati imepinda kwenda juu na hupakwa nta. Mtu akikanyaga kwa uzito wake wote, nta hugusa chini na ncha za chembe za theluji huzama ndani yake. Akiondoa uzito, skii huinuka na kuendelea na safari. Theluji iliyoloa chembe zake ni butu, hazishiki, kwa hiyo hupakwa klista, nta laini inayonata. Lakini mvua ikigeuka theluji, klista hiyo hiyo huzoa kila inachokutana nacho. Uamuzi hufanywa kabla ya kuanza, na washindani huondoka mmoja mmoja kila baada ya sekunde 30. Wa kwanza na wa mwisho hawaikuti njia ile ile.

Husemwa kwamba hali ya hewa haina upendeleo. Siafiki. Timu kubwa huja na mafundi wa nta na jozi tele za skii, wakazijaribu asubuhi ile ile. Mwenye jozi chache anabahatisha. Anga ikichafuka, pengo linapanuka.

Wanaoruka kwa skii wana nafuu: upepo unapimwa, na pointi huongezwa au kukatwa. Wengine husubiri tu. PyeongChang mwaka 2018, alikokwenda Sabrina Simader, mwanamke wa kwanza wa Kenya kwenye Olimpiki ya Majira ya Baridi, upepo ulisogeza slalomu kubwa ya wanawake kutoka tarehe 12 hadi 15 Februari.

Theluji isipotosha, waandaaji huitafuta: Beijing mwaka 2022 walitegemea karibu kabisa theluji ya mashine. Mashine hurusha matone ya maji, na tone linapovukiza kiasi hupoa. Ndiyo maana hewa kavu hukubali theluji hata nyuzi 1 juu ya sifuri, ilhali hewa yenye unyevu kama huu wetu wa pwani inaweza kukataa hata nyuzi 1 chini yake. Vancouver mwaka 2010 joto liliwashinda, wakabeba theluji kwa malori na helikopta hadi mlima Cypress. Sochi mwaka 2014 walikuwa wamehifadhi ya msimu uliotangulia, ikiwa imefunikwa isiyeyuke. Kazi zote hizo huwatengenezea washindani wote njia nzuri. Fundi wa nta kila timu inajitafutia.