Hatari Iliyofichika Ndani ya Usukani

Magari mengi tuyaonayo katika barabara za Mombasa, Kilifi na Malindi hayakuletwa nchini yakiwa mapya. Yalitumika Japani kwanza, kisha yakapakiwa melini na kushushwa Kilindini, nayo kanuni ya Kenya huyataka yawe hayajapita umri wa miaka 8. Hatulioni kuwa baya, kwani kwa familia nyingi ndiyo njia pekee ya kupata gari. Lakini liko jambo moja lisilopanda meli pamoja na gari, nalo ni barua.

Kiwanda kigunduapo kwamba gari lilitoka na kasoro ya kuhatarisha maisha, humwandikia mwenye gari na kumwita alirejeshe litengenezwe bila malipo. Barua hiyo humfikia aliyesajiliwa kule Japani. Gari likishavuka bahari, mama anayewapeleka wanawe madrasa kwa gari hilo hapa Kisauni hana wa kumwandikia.

Mfano mkubwa ni wa kampuni ya Takata ya Japani, iliyotengeneza mifuko ya hewa ya kumkinga dereva na abiria wakati wa ajali. Ndani ya kifaa cha kuujaza mfuko mliwekwa baruti ya nitrati ya amonia. Baruti hiyo ikikaa miaka mingi katika joto na unyevu huharibika, na siku ya ajali huwaka kwa nguvu kupita kiasi, hata chombo cha chuma kinachoihifadhi kikapasuka na vipande vyake vikaruka usoni na shingoni mwa aliyeketi mbele. Watu wamekufa kwa ajali ndogo ambazo wangetoka wakiwa wazima. Marekani pekee mifuko iliyoitwa irejeshwe ni takriban milioni 67, ya Toyota, Honda, Nissan, Mazda na wengineo. Kampuni yenyewe ilifilisika mwaka 2017.

Tuzingatie maneno hayo mawili, joto na unyevu. Huko Marekani majimbo yaliyotangulizwa ni yale ya mfano wa Florida, yenye hali ya hewa isiyo mbali na ya pwani yetu. Gari lililoachwa juani mchana kutwa, msimu wa kaskazi, limo katika hali ile ile.

Wako wanaotuambia, "Taa ya onyo haijawaka, basi gari ni zima." La. Taa ile huonyesha hitilafu ya umeme. Baruti iliyooza haiijui.

Njia ya kujua ni nambari ya chesisi, iliyomo katika logibuku na katika kibati chini ya boneti. Magari ya soko la Japani yana herufi na tarakimu chache, kisha kistari, kisha tarakimu nyingine. Hayana zile 17 za magari ya Marekani. Kwa hiyo itafuteni katika tovuti ya Kijapani ya kiwanda chenyewe. Tovuti ya Kimarekani itaikataa, na kukataliwa huko si dalili ya usalama. Mwenye simu asiyejua Kijapani atasaidiwa na programu ya kutafsiri. Kisha mpelekee wakala rasmi wa kiwanda nambari hiyo, mkamwulize waziwazi kama kazi ilifanyika, na kama haikufanyika, ataifanya kwa masharti gani.

Msikubali fundi wa mtaani aufungue usukani, wala aweke mfuko uliotolewa katika gari bovu. Huenda ukawa na kasoro ile ile.

Wenye yadi nao wana sehemu yao. Fiqhi imemlazimu muuzaji ajuaye aibu ya bidhaa aibainishe, na mnunuzi aliyefichwa ana khiari ya kuirudisha. Kwa hiyo mama anayenunua asione haya kuuliza, hata muuzaji akiwa ni jamaa.

Ikiwa mfuko wa upande wa abiria ndio ulioitwa, kiti hicho kisikaliwe na mtu hadi utengenezwe. Ukiwa wa dereva, gari liegeshwe ikiwezekana. Na karatasi ya kazi ihifadhiwe pamoja na logibuku, kwani siku ya kuliuza gari mnunuzi naye ataiulizia.