Billy Eckstine: sauti nzito na picha moja ya mwaka 1950

Wadau, ukimtaja Frank Sinatra kila mtu anatikisa kichwa, hata asiyejua wimbo wake mmoja. Mtaje Billy Eckstine uone, kimya! Sasa huyu jamaa alikuwa nani?

Alizaliwa Pittsburgh, Marekani, mwaka 1914. Enzi zake ukumbi ulikuwa wa bendi kubwa: watu kumi na tano hivi jukwaani, tarumbeta, tromboni na saksafoni zimepangwa kwa safu. Mwimbaji alikuwa mwajiriwa tu. Anakaa kwenye kiti, zamu yake ikifika anasimama, anaimba kipande chake, anarudi kukaa. Kilichomkomboa ni kipaza sauti. Hakulazimika tena kushindana na tarumbeta, akaweza kuimba nyimbo za taratibu za mapenzi kama anayemnong'oneza mtu mmoja.

Eckstine aliingia bendi ya mpiga piano Earl Hines mwaka 1939. Sauti nzito, ya kifuani, yenye mtetemo. Lakini wimbo uliomtoa siyo wa mahaba, ni blues: Jelly, Jelly wa 1940. Kwa wenye kampuni za rekodi, mweusi aliimba blues, mahaba yalikuwa ya wazungu. Yeye hakuridhika na mgawo huo.

1944 akaunda bendi yake, na hapa ndo patamu. Dizzy Gillespie, Charlie Parker, Dexter Gordon, Art Blakey, Sarah Vaughan, baadaye Miles Davis, wote wamepitia kwake! Yaani watu wanalipa kiingilio waje kusikia mapenzi, kumbe nyuma yake vijana wanapika bebop, muziki wa kasi ambao kuucheza ni kazi. Bendi ilivunjika 1947. Kulisha kundi lote hilo safarini siyo mchezo, na enzi ya bendi kubwa ilikuwa inaisha.

Mwaka huohuo akasaini na MGM kama mwimbaji wa peke yake. Akapanda kweli kweli. Wasichana wanapiga mayowe, vijana wanavaa mashati yenye kola pana kama yake.

Aprili 1950 jarida la Life likamwandika. Kwenye picha moja, iliyopigwa na Martha Holmes, msichana mzungu amemwegemea kifuani, anacheka, wenzake wamewazunguka. Basi, hakuna kingine. Lakini hiyo ni Marekani ambayo kusini mweusi bado anatengewa viti vya nyuma kwenye basi. Barua za hasira zikamiminika kwa wahariri.

Wapo wanaosema picha ile ndiyo iliyommaliza. Mimi naona ni zaidi ya picha, maana I Apologize ilitamba mwaka uliofuata, 1951. Redio ilikuwa inaficha rangi ya mtu, filamu na televisheni haziwezi. Hollywood haikuwa tayari kumpa mweusi nafasi ya mpenzi wa kwenye sinema. Katika Skirts Ahoy! ya 1952 akapewa wimbo, basi. Hata Nat King Cole, pamoja na umaarufu wake wote, kipindi chake cha televisheni kilikufa 1957 kwa kukosa mdhamini wa kitaifa.

Eckstine hakuacha kuimba. 1957 alirekodi na Sarah Vaughan Passing Strangers, Waingereza wakaupenda sana. Alifariki Pittsburgh, Machi 1993.

Mkitaka kumsikia, anzeni na A Cottage for Sale ya 1945. Ila vaeni hedifoni, maana vispika vya kompyuta vinameza utamu wote wa chini.