CHAPATI YA MAJI ILIYOPAA ANGANI

Mshikaji akikuambia Wamarekani waliwahi kurusha chapati ya maji, usimcheke. Waliirusha kweli! Tarehe 23 Novemba 1942, Vita Kuu ya Pili imepamba moto, rubani Boone Guyton alipaa huko Connecticut na ndege bapa, karibu duara, isiyo na mbawa za kawaida. Jina rasmi V-173, lakini watu wakaibatiza Chapati Inayoruka.

Basi Jumapili hii badala ya kushinda kijiweni, itengeneze mezani kwako. Kwa kipimo cha 1/72, yaani kila kitu kidogo mara 72, inatoka na upana wa sentimita 10 tu. Kibao chepesi, kisu kikali, msasa na gundi vinatosha. Ndege yenyewe ilikuwa ya mbao na kitambaa!

Chonga bapa lako, nene katikati, jembamba pembeni. Kwenye pembe mbili za mbele weka panga boi. Hapa ndipo nilipochemsha mimi: nikachonga mbili zinazofanana. Kumbe hewa ya chini ya bawa hupenda kupanda juu kupitia nchani, na hiyo huirudisha ndege nyuma. Mbunifu Charles Zimmerman akaweka panga boi pale pale nchani, zizunguke kinyume cha hewa hiyo. Kwa hiyo ya kulia na ya kushoto ziwe kama mtu na kioo chake. Ukikosea hapo, umetengeneza sahani! Nilizing'oa usiku wa manane nikaanza upya.

Malizia na miguu mirefu, pua itazame juu. Rangi ni njano juu, fedha chini.

Wanaosema huu ni utoto wajue Zimmerman naye alianza na vimodeli. V-173 ilipofaulu, jeshi la majini likaagiza nyingine yenye nguvu zaidi, XF5U. Lakini jeti zikaingia, na mwaka 1947 mpango ukafutwa kabla haijaruka kikwelikweli. Ikapondwapondwa kwa tufe la chuma! Kazi ya miaka, kwisha. V-173 ilipona, wastaafu wakaikarabati, na mwaka 2012 ikawekwa makumbusho huko Dallas. XF5U utaionea kwenye picha na vimodeli tu.

Kwa hiyo ukimaliza yako, weka juu ya kabati. Mdogo wako asiiguse. Tumeelewana?