Puto la Hewa na Khabari za Mvua

Wako watu wadhanio ya kuwa mtabiri wa hali ya hewa hutazama mawingu kisha akabahatisha. Na wako wamwonao kama ajidaiye kujua ghaibu. Yote mawili si kweli. Mvua ya kesho aghalabu huwa na dalili zake leo katika hewa ya juu, na kazi ya mtaalamu ni kuzipima dalili hizo.

Basi hupimwaje? Hurushwa puto la mpira lililojazwa gesi iliyo nyepesi kuliko hewa. Chini yake huning'inizwa kisanduku kidogo kiitwacho radiosondi, chenye vyombo vya kupima joto, unyevu na mgandamizo wa hewa, pamoja na redio ya kuzileta khabari hizo chini. Kwa kufuatwa jinsi puto linavyochukuliwa, hujulikana nguvu za upepo na uendako. Puto hupanda kiasi cha mita 5 kila sekunde, hata likafika kilomita 30 au zaidi; huko huvimba mpaka likapasuka.

Chombo hiki si kipya. Mfaransa Robert Bureau alikirusha mwaka 1929, na Mrusi Pavel Molchanov akafuatia na chake mwaka 1930. Leo mamia ya vituo duniani hurusha maputo kwa nyakati zilizoafikiwa, nazo kwa saa zetu za Afrika Mashariki ni saa tisa usiku na saa tisa alasiri, ili hewa ya dunia ipimwe kwa wakati mmoja.

Huenda msomaji akauliza: Je, setelaiti hazitoshi? Setelaiti huitazama hewa kutoka mbali. Puto hupita ndani yake. Kwa hiyo vipimo vya puto ni mizani ya kuhakikishia vile vya setelaiti.

Mwezi wa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoielekea pwani ya Tanzania, wenda baharini walionywa kabla ya pepo kufika. Maonyo ya namna hii hutokana na hesabu za kompyuta, na hesabu huanza na vipimo vya hewa ilivyo sasa. Kosa dogo mwanzoni huzidi kukua kila siku ipitayo.

Hapa ndipo penye upungufu wetu. Kituo cha Dagoretti, Nairobi, hurusha maputo, lakini vituo vya namna hiyo katika Afrika ni vichache mno, na gharama ni nzito, kwani aghalabu kisanduku kilichorushwa hakirudi. Mahali pasipopimwa, mkulima na mvuvi ndio walipao.

Enyi vijana, jifunzeni hesabu na elimu ya maumbile, mpate kuzijaza nafasi hizo. Na enyi wazazi, sikilizeni utabiri kabla chombo hakijang'oa nanga. Tawakali haikumkataza nahodha kutua tanga aonapo dalili za tufani.