Breki ya chukudu: kipande cha tairi kinachoshusha kabichi za Kibumba

KABICHI za Kibumba hufika sokoni Goma kwa kuteremka. Kibumba ipo kilomita 25 hadi 30 hivi kaskazini mwa mji huo, kwenye barabara ya Rutshuru, katikati ya milima ya Nyiragongo na Mikeno. Goma ipo chini kabisa, kando ya Ziwa Kivu. Mwenye shehena kubwa hukodi lori. Mwenye magunia mawili matatu hutafuta chukudu, na kuanzia hapo mali yake, pamoja na maisha ya kijana anayeishusha, hushikiliwa na kipande cha tairi kuukuu.

Kwa wafanyabiashara wa Namanga, Busia au Tunduma ambao hawajaiona, chukudu ni chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, urefu wa mita mbili hivi, usukani mbele na ubao wa kubebea mzigo katikati. Hakina pedali wala mnyororo. Mwendeshaji huweka goti moja kwenye ubao na kusukuma ardhi kwa mguu wa pili, kama mtoto anayecheza. Fremu huchongwa kwa mkaratusi, magurudumu kwa mti mgumu zaidi, kisha huvalishwa mpira wa tairi chakavu. Kikibeba viazi, makaa au mbao, mzigo wa kilo mia kadhaa si jambo la ajabu. Goma wanakiheshimu kiasi cha kukijengea sanamu kubwa ya rangi ya dhahabu katikati ya mji.

Kwenye tambarare chukudu inahitaji nguvu. Kwenye mteremko inahitaji breki, na hapo ndipo ufundi wake ulipo hafifu.

Breki ya kawaida ni kipande cha tairi kilichofungwa juu ya gurudumu la nyuma. Mwendeshaji hukikanyaga, mpira unasugua gurudumu, mwendo unapungua. Vyombo vingine havina hata hicho, na mwenyewe hutumia kisigino na soli ya katambuga. Ukitazama kwa haraka utasema ni ufukara tu. Lakini breki hiyo hutengenezwa bila spea ya dukani, hubadilishwa kwa kisu na misumari, na fundi yeyote wa kando ya barabara anaijua. Tatizo lake ni jingine: kazi inayotakiwa kufanya ni kubwa mno kwa ukubwa wake.

Hesabu yake si ngumu. Chukudu, mzigo na mwendeshaji wakiwa na jumla ya kilo 400, kila wanaposhuka mita 100 za kimo hutoa nishati inayokaribia kilojuli 400. Hiyo inatosha kuchukua lita moja ya maji ya kawaida na kuifikisha kwenye kuchemka. Sehemu ya nishati hiyo huliwa na mawe, matope na msuguano wa magurudumu. Inayobaki yote lazima igeuke joto mahali fulani, na mahali penyewe ni pale kiatu kinapokanyaga mpira.

Baiskeli huwa na ringi ya chuma au alumini, na chuma hupokea joto na kulitawanya hewani. Mbao hailipeleki joto popote. Joto linabaki kwenye ngozi ya mpira, mpira unalainika, unanuka, unatoa moshi, na ulaini huo ndio unaoufanya uteleze badala ya kushika. Kwa hiyo breki iliyoshika vizuri juu mlimani inaweza kuwa imechoka kabla ya kufika chini, wakati mwendo ni mkali zaidi. Mvua ikinyesha, maji hukaa kati ya mpira na gurudumu. Jua likiwaka, vumbi jeusi la volkano huingia na kuisaga breki yenyewe.

Njia nayo haisaidii. Goma imejengwa juu ya mawe ya moto uliopoa. Januari 17, 2002 uji wa volkano ya Nyiragongo ulipita katikati ya mji, na Mei 22, 2021 mlima ukalipuka tena na uji wake ukaikata barabara hii hii ya kaskazini. Mitaa mingi bado ni mawe makali, na gurudumu la mbao linaloruka juu ya jiwe halina breki kwa muda wote lililo hewani.

Kanda nzima inaijua shida hii kwa majina tofauti. Nchini Burundi, barabara kuu ya kutoka Bugarama, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, huporomoka hadi Bujumbura iliyo chini ya mita 800. Vijana wa baiskeli huteremka nayo wakiwa na mikungu ya ndizi au magunia ya makaa, kisha hurudi juu kwa kushikilia nyuma ya malori, mchezo ambao umewaua wengi. Baiskeli zao zina breki za kiwandani, ila zilipimwa kwa mtu mmoja na si kwa mtu na magunia. Wengi huongeza breki ya tatu, ambayo ni soli ya kiatu kwenye tairi.

Somo la gurudumu moja

Ajabu ni kwamba watu waliolichunguza jambo hili kwa umakini mkubwa hawabebi hata kitunguu. Ni wapenzi wa mchezo wa kuendesha baiskeli ya gurudumu moja milimani, ulioshika kasi Canada, Marekani na Ulaya. Baiskeli hiyo haina mnyororo. Pedali zimefungwa moja kwa moja kwenye gurudumu. Gurudumu likizunguka, miguu inazunguka, ipende isipende. Kwenye mteremko mwendeshaji hulizuia kwa kusukuma pedali kinyumenyume. Kwa gurudumu la inchi 26, kilomita moja ni mizunguko kama 480, na kila mzunguko miguu inapambana na uzito wa mwili. Magoti huisha kabla ya mlima.

Kwa hiyo wakaanza kufunga breki: kwanza za kubana ringi, baadaye za diski, mpini ukiwekwa chini ya pua ya kiti. Waliozifunga wakidhani watasimama ghafla walianguka kifudifudi, maana gurudumu moja likisimama, mwili unaendelea. Breki ile kazi yake si kusimamisha. Hushikwa kidogo tu, kwa kidole kimoja, kutoka juu hadi chini, ili ibebe sehemu ya uzito na miguu ibaki na kazi ya kusawazisha. Mwendeshaji mzuri huishika kabla kasi haijaja, si baada ya kuja.

Waendesha chukudu wa siku nyingi hufanya vivyo hivyo bila kufundishwa na mtu. Mgeni huachia chombo kikimbie, halafu hukanyaga kwa nguvu zote anapoona kona. Mpira hauwezi kumeza joto lote hilo kwa mara moja.

Kinachoweza kuongezwa

Diski ya kiwandani haina pa kufungwa kwenye gurudumu la mbao linalozunguka juu ya beringi, na hata ikifungwa, siku itakapoharibika hakuna wa kuitengeneza Kibumba. Marekebisho yenye maana ni yale ambayo fundi seremala anaweza kuyafanya kwa vitu alivyonavyo.

La kwanza ni wenzo. Badala ya mguu kukanyaga mpira moja kwa moja, mpira hupigiliwa kwenye kipande cha mbao chenye bawaba upande mmoja. Mpira ukiwa sentimita 10 kutoka kwenye bawaba na mguu sentimita 40, mkanyago wa kilo 20 unakuwa mbano wa kilo 80. La pili ni upana: kipande kipana na kinene huchakaa polepole, na joto linagawanyika. Ukanda wa bati uliopigiliwa mahali breki inaposugua nao husaidia, kwa kuwa bati linaachia joto hewani upesi kuliko mpira.

Breki ya mbele ni habari nyingine. Chombo kikiteremka, uzito huhamia gurudumu la mbele, hivyo breki ya mbele hushika zaidi. Ila ikibana ghafla, shehena nzima hupinduka kupitia usukani. Kwa chombo cha mbao, salama zaidi ni kuiimarisha ya nyuma na kuupanga mzigo uisaidie: vizito chini na nyuma, vyepesi juu.

Na hapo suala linamrudia mwenye mali. Kijana wa chukudu hapangi mzigo peke yake. Mchuuzi anayetaka lumbesa ya viazi ibebwe kwa bei ya gunia la kawaida, tena isimamishwe wima juu ya magunia mengine ili safari iwe moja, ndiye anayeiondoa nguvu gurudumu la nyuma. Anayeahidi nyongeza kwa atakayewahi soko la asubuhi ananunua kasi, na kasi ikiongezeka maradufu, kazi ya kukisimamisha chombo huongezeka mara nne. Nyanya zikimwagika mtaroni, mara nyingi mapatano ya nani alipe hayakuwepo. Aliyevunjika mguu naye hujitibia. Ubovu wa breki huonekana kama shida ya mwenye chombo, wakati nusu yake imepakiwa na mteja.

Kuikagua kabla ya kupakia kunachukua dakika moja. Mwenye chombo akanyage breki huku mwingine akikisukuma kwa nguvu. Gurudumu la nyuma likiendelea kuzunguka kikiwa kitupu, halitasimama kikiwa na kilo 300. Mpira unaong'aa kama kioo umeungua, na unapaswa kukatwa mwingine. Katikati ya safari, kituo kifupi cha kuupoza mpira kina thamani kuliko maji ya kuumwagia, kwa sababu mpira uliolowa haushiki mpaka ukauke.

Barabara ya Kibumba imefungwa na vita zaidi ya mara moja, mwaka 2012 na tena 2022. Inapofunguka, magunia huanza kushuka tena, na sehemu ya mboga hizo huuzwa kwa akina mama wa mpakani. Kutoka sokoni hadi kizuizi kidogo cha kuingilia Gisenyi, upande wa Rwanda, njia ni tambarare. Pale hakuna anayeiuliza chukudu kama ina breki. Foleni yenyewe inaisimamisha.