Mtoto Pia Huugua Viungo

  Leo tutazungumza juu ya ugonjwa wa viungo kwa watoto. Wengi hudhani kuumwa na magoti ni shida ya nyanya na babu. La, mama. Hata mtoto wa miaka miwili anaweza kuugua. Mwaka wa 1897, daktari George Frederic Still wa London aliandika habari za watoto 22 wenye shida hii.

Je, husababishwa na nini? Mwili una askari wa kupigana na viini vya magonjwa. Katika ugonjwa huu, askari hao hukosea wakashambulia viungo vya mtoto mwenyewe. Kiungo huvimba, na kisipotibiwa huharibika polepole. Si uchawi, si baridi, wala hauambukizi.

Dalili zake ni hizi:
- Viungo hukakamaa asubuhi, lakini mtoto akishacheza hulegea.
- Anachechemea na hakuanguka popote.
- Goti, kifundo cha mguu au kidole kimevimba kwa wiki 6 au zaidi.
- Aliyekuwa akitembea sasa anataka kubebwa.

Mtoto mdogo huenda asiseme anaumwa. Mwangalie anapoamka.

Usimchanje wala kumkanda kwa nguvu. Mpeleke kituo cha afya, nao watamtuma hospitali ya kaunti apimwe, kwa sababu kifua kikuu na selimundu pia huumiza viungo. Lakini kiungo kikiwa cha moto, ana homa na hawezi kukanyaga chini, mkimbize hospitali siku hiyo hiyo.

Na macho je? Ugonjwa huu unaweza kuingia ndani ya jicho bila wekundu wala maumivu, ukampofusha. Kwa hivyo macho yapimwe mara kwa mara, hata kama anaona vizuri.

Habari njema ni kwamba dawa zipo. Mwaka wa 1992, utafiti uliofanywa kwa watoto 127 ulionyesha kuwa methotrexate, inayomezwa mara moja tu kwa wiki, huleta nafuu. Mwaka wa 2017, watafiti wa Uingereza walifuatilia watoto 90 ambao macho yao yalikuwa yameathirika. Kwa waliotumia methotrexate peke yake, matibabu yalishindwa kwa 60 katika kila 100. Kwa walioongezewa sindano ya adalimumab, yalishindwa kwa 27 tu. Sindano hiyo ni ghali, lakini muulize daktari.

Kumbuka, mama: methotrexate ni siku moja kwa wiki, si kila siku. Apimwe damu kama alivyoagizwa. Akipata homa au tetekuwanga, mwone daktari haraka. Usiache dawa kwa sababu uvimbe umepungua. Mwache acheze na aende shule.

Sasa jiulize: mtoto wangu aliamkaje leo asubuhi?